Alan Page: mpira ndio uliompa ujaji?

Tuzo ya Mchezaji Bora wa Msimu katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ni kama mali ya washambuliaji. Mara nyingi huenda kwa kwotabeki, yule anayepokea mpira nyuma ya mstari na kuamua aurushe kwa nani. Walinzi walioitwaa ni wawili tu: Lawrence Taylor wa New York Giants mwaka 1986, na kabla yake Alan Page wa Minnesota Vikings mwaka 1971. Januari 1993 Page akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota, mtu mweusi wa kwanza kuketi humo tangu Minnesota iwe jimbo mwaka 1858.

Kisa hiki hupendwa sana na wahamasishaji. Kijana anacheza mpira, anasoma, anakuwa jaji. Basi, wanasema, mpira na shule vinakwenda pamoja, na anayeshindwa ni mvivu. Mimi nadhani kimesomwa kwa wepesi mno. Ukikifuata hatua kwa hatua unakuta mambo mawili yanayovutana. La kwanza, mchezo ule ulimtema Page siku zile zile alipokuwa amegeuka msomi na mkimbiaji. La pili, pasipo mchezo ule kuna kila dalili kwamba asingekipata kiti cha jaji. Yote mawili ni kweli, na anayesimulia moja na kulificha jingine anampunja Page mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1945 mjini Canton, Ohio, mji wa viwanda vya chuma. Mama yake alifariki Page akiwa na miaka 13. Uamuzi wa Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, uliopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma za Marekani mwaka 1954, ulimkuta na miaka minane, na amesema mara nyingi kwamba hapo ndipo alipoanza kuhisi kuwa sheria ina nguvu ya kubadilisha maisha ya watu kama yeye. Kwa hiyo hamu ya sheria ilitangulia mpira. Hilo tulishike, kwa sababu simulizi nyingi huanza na mchezaji ambaye baadaye "aligundua" elimu. Canton hiyo hiyo ndiyo ulikojengwa Ukumbi wa Umaarufu wa futiboli ya kulipwa, uliofunguliwa 1963, na Page akiwa kijana alifanya kibarua katika ujenzi wake. Robo karne baadaye jina lake liliwekwa ndani.

Alisoma Chuo Kikuu cha Notre Dame, akawa katika timu iliyotwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mwaka 1966, akahitimu 1967 katika sayansi ya siasa. Mwaka huo, klabu za NFL zilipogawana kwa zamu wachezaji waliotoka vyuoni, Vikings wakamchagua katika raundi ya kwanza, akiwa wa 15.

Alicheza katikati ya mstari wa mbele wa ulinzi. Nafasi hiyo kwa kawaida hupewa majitu: kazi yao ni kusimama kama ukuta, kumeza walinda-kwotabeki wawili na kuziba njia ya mkimbiaji mwenye mpira. Page alikuwa na urefu wa sentimita 193 na uzito wa kilo kama 111, si mdogo, lakini silaha yake ilikuwa kasi ya hatua ya kwanza. Mpira ukichezeshwa tu, yeye alikuwa ameshapita kabla mpinzani hajainua mikono. Pamoja na Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen aliunda safu iliyoifanya Vikings kufungwa pointi 133 tu katika michezo 14 ya msimu wa 1969. Tangu mchezo wake wa kwanza hadi wa mwisho hakukosa hata mmoja: michezo 218 mfululizo katika misimu 15. Takwimu za kumwangusha kwotabeki hazikuwa zikihesabiwa rasmi enzi zake. NFL ilianza kuziandika 1982, mwaka mmoja baada ya yeye kustaafu. Ndiyo maana ukitafuta jina lake kwenye orodha rasmi za rekodi hiyo hutalipata, na kizazi cha sasa kinamjua kidogo kuliko anavyostahili.

Wazee wa Minnesota bado wanausimulia mchezo wa Desemba 1971 dhidi ya Detroit Lions. Waamuzi walimpiga adhabu mara mbili mfululizo kwa makosa ambayo yeye aliamini hakuyatenda. Hakugombana na mtu. Katika mashambulizi yaliyofuata ya mchezo huo huo aliingia nyuma ya mstari wa Detroit mara baada ya mara, akimwangusha kila aliyeshika mpira, hadi Lions wakaonekana kama hawajui la kufanya. Ulikuwa ndio mwaka wa tuzo.

Upande wa hasara nao upo. Vikings wa Page walifika Super Bowl, fainali ya NFL, mara nne na kushindwa zote: na Kansas City 23 kwa 7, Miami 24 kwa 7, Pittsburgh 16 kwa 6, Oakland 32 kwa 14. Wakosoaji wa kikosi kile husema safu ya ulinzi iliyojengwa juu ya wepesi ilielemewa kila ilipokutana na timu zilizoamua kusukuma mpira katikati kwa nguvu, na ukitazama jinsi Miami na Oakland walivyokimbia juu yao, hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo timu inayofunga pointi 7, 7, 6 na 14 katika fainali nne haiwezi kuubebesha ulinzi lawama yote.

Sasa tufike penye utata wenyewe. Miaka ya katikati ya 1970 Page alianza masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Minnesota huku bado ni mchezaji wa kulipwa. Alikuwa pia mwakilishi wa chama cha wachezaji katika kipindi cha mapambano makali: mgomo wa 1974, kisha kesi iliyofika mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 1976 na kuivunja kanuni iliyokuwa ikimfunga mchezaji kwa klabu yake hata mkataba wake ukiisha. Zaidi ya hayo akaanza kukimbia masafa marefu. Mke wake Diane alikuwa amechukua mbio ili aache sigara. Page akamfuata, na akazipenda. Uzito ukashuka hadi karibu kilo 100.

Mwaka 1978 alipata shahada yake ya sheria. Oktoba ya mwaka huo huo, msimu ukiwa katikati, Vikings wakamwachia. Kocha Bud Grant alisema Page hafikii tena kiwango kinachotakiwa. Chicago Bears wakamchukua kwa ada ya kawaida ya dola 100.

Je, Grant alikosea? Kwa upande wake kuna mengi ya kusema. Kocha hulipwa kushinda Jumapili ijayo. Mlinzi wa katikati mwenye kilo 100 anasukumwa na watu wanaomzidi kilo 15 au zaidi, na Page alikuwa na miaka 33, umri ambao wengi katika nafasi ile wamekwisha. Klabu ilimwomba aongeze uzito, naye akakataa kwa sababu aliona afya yake ni bora kuliko wakati wowote. Mwajiri aliyeomba mwili wa aina fulani kwa kazi ya aina fulani hawezi kuitwa mkandamizaji kwa sababu hiyo peke yake. Na Vikings hawakuporomoka: walimaliza msimu ule wakiongoza kundi lao, ingawa kwa ushindi wa michezo minane tu.

Lakini tazama kilichofuata Chicago. Mtu aliyeambiwa amekwisha alicheza michezo yote 58 iliyobaki katika maisha yake ya mpira, hadi mwisho wa msimu wa 1981, bila kukosa mmoja, akiendelea kuwaangusha makwotabeki. Mwaka 1979 alimaliza mbio za marathoni, mchezaji wa kwanza wa NFL kufanya hivyo akiwa bado kazini. Mwaka huo huo alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya mawakili mjini Minneapolis nje ya msimu. Kama tatizo lingekuwa uwezo tu, Bears wangeligundua ndani ya mwezi.

Sidhani Grant alimfukuza kwa sababu alisoma, na sioni haki ya kumsingizia hilo. Ninachoamini ni kwamba klabu za enzi zile zilizoea mchezaji ambaye mpira ni maisha yake yote, na mtu mwenye chama, chuo na mbio zake mwenyewe aliwafanya wahisi kwamba hawammiliki. Uzito ulikuwa sababu ya kweli. Ila sababu ya kweli huangaliwa kwa jicho kali zaidi inapomhusu mtu ambaye hamkai naye vizuri. Wanaosema maisha ya Page yanathibitisha kwamba mpira na elimu ni marafiki, waeleze kwanza mwaka 1978.

Waeleze pia alichokisema Page mwenyewe mwaka 1988, siku ya kuingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu. Desturi ni mchezaji kumchagua kocha wake wa zamani au mwenzake wa uwanjani amtambulishe. Yeye alimchagua Willarene Beasley, mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya Minneapolis. Kisha akatumia hotuba yake kuzungumzia wachezaji wenzake waliokuwa watu wazima, wenye miaka ya chuo nyuma yao, ambao hawakuweza kusoma vizuri kitabu cha mbinu cha timu. Shule ziliwapitisha darasa hadi darasa kwa sababu walijua kucheza. Aliyasema hayo jukwaani, mbele ya wakubwa wa mchezo wenyewe, siku ambayo wengine hulia na kushukuru. Mwaka huo huo yeye na Diane walianzisha Page Education Foundation, mfuko unaowasaidia wanafunzi wa jamii za wachache Minnesota kulipia masomo ya juu, kwa sharti kwamba nao wawafundishe na kuwalea watoto wadogo shuleni. Sharti hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote aliyoyafanya, kwa sababu linamfanya mtoto wa shule ya msingi amwone msomi wa mtaani kwake kila wiki na asilazimike kumsubiri mchezaji wa televisheni.

Tugeukie ujaji. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hapa panahitaji maelezo, maana kwetu jaji hapigiwi kura: Kenya huteuliwa kwa mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Mahakama, Tanzania huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na tume kama hiyo. Minnesota, kwa mujibu wa katiba ya jimbo, majaji wa Mahakama ya Juu huchaguliwa na wananchi kwa vipindi vya miaka sita. Kwa vitendo, hata hivyo, majaji wengi hujiuzulu kabla kipindi hakijaisha, gavana anateua mrithi, na mrithi huyo anagombea akiwa tayari amekalia kiti. Wapiga kura hupata nafasi ya kuidhinisha, mara chache ya kuchagua.

Page, ambaye wakati huo alikuwa mwanasheria katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, alitaka kugombea mwaka 1992 kiti cha Jaji Lawrence Yetka. Gavana Arne Carlson akamwongezea Yetka muda ili afikie mafao kamili ya kustaafu, jambo ambalo lingefuta uchaguzi. Page akashtaki. Majaji wa Mahakama ya Juu walijiondoa, jopo maalumu likasikiliza, na likaamua kwamba uchaguzi ufanyike. Akagombea, akashinda. Mwaka 1998 alirudi kwa kura ambazo hadi wakati huo hakuna mgombea wa Minnesota aliyekuwa amezifikisha, akarudi tena 2004 na 2010, na akaondoka 2015 tu kwa sababu sheria inamtaka jaji astaafu akitimiza miaka 70.

Hoja ya wapinzani wa njia hii ni nzito, nami siipuuzi. Hakuwahi kuwa jaji wa mahakama ya chini. Walio wengi kati ya waliompigia kura hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja wa kazi yake ya uwakili. Waliijua namba 88 mgongoni. Leo jina la mchezaji linaleta Alan Page, kesho linaweza kuleta mtu asiyejua tofauti ya rufaa na mapitio. Jaji huamua uhuru wa watu, ulezi wa watoto, ardhi na kifungo cha maisha. Kumpata kwa shangwe za uwanjani ni hatari, na mfano mmoja mwema hauiondoi hatari hiyo.

Lakini anayetoa hoja hiyo ana swali la kujibu. Ile njia nyingine, ya uteuzi wa kimya kimya ulioitwa wa sifa na weledi, ilikuwa na miaka 134 ya kumpata jaji mweusi mmoja, na haikumpata. Na pale mtu mweusi mwenye shahada, leseni na zaidi ya miaka kumi ya kazi ya sheria alipotaka kupita mlango ambao katiba yenyewe imeufungua, mlango ulisogezwa. Umaarufu ulimpa Page nguvu ya kuusukuma. Wanasheria wengine weusi wa Minnesota wa kizazi chake na cha kabla yake, wasio na jina uwanjani, hawakuwa na nguvu hiyo, na ndio ninaowafikiria ninapoambiwa kwamba Page "alibebwa na mpira". Kama alibebwa, ni kwa sababu wenzake waliotembea kwa miguu walirudishwa njiani. Kasoro hapo ni ya mfumo, na mfumo hauwezi kumlaumu aliyepata njia ya kuuzunguka.

Kipimo cha haki zaidi ni kazi aliyoifanya akiwa kitini. Mwaka 2009 Mahakama hiyo iliamua mgogoro wa kiti cha Seneti ya Marekani kati ya wagombea Al Franken wa Democratic na Norm Coleman wa Republican, uliokuwa umening'inia miezi minane kwa tofauti ya kura 312. Jaji Mkuu na mwenzake mmoja walijiweka kando kwa sababu walikuwa wameshiriki katika bodi ya kuthibitisha kura, hivyo Page akaongoza. Uamuzi ulitoka kwa sauti moja, majaji wote watano waliobaki wakikubaliana, na Coleman akakubali kushindwa siku hiyo hiyo. Jimbo lililogawanyika hivyo lingeweza kumshuku jaji wa kisiasa, halikufanya hivyo. Kwa mtu aliyeletwa na kura za mashabiki, naona huo ni ushahidi wa kutosha kwamba alijijengea sifa ya pili, tofauti na ile ya kwanza.

Kuna hukumu nyingine, ya mwanzoni kabisa, inayomweleza vizuri zaidi. Mwaka 1993, akiwa mgeni mahakamani, ilikuja kesi ya Skeen dhidi ya Jimbo la Minnesota, ambamo wilaya kadhaa zilidai kuwa namna ya kugharamia shule ilizipa wilaya tajiri fursa zaidi. Wengi waliuona mfumo kuwa halali. Page aliandika maoni ya kupinga, akishikilia kwamba elimu ni haki ya msingi na kwamba tofauti ile haikubaliki. Alishindwa. Hapa namwona yule yule aliyesimama Canton miaka mitano kabla, ila safari hii kwa lugha ya sheria.

Hakuliacha hilo baada ya kustaafu. Januari 2020, akishirikiana na Neel Kashkari, mkuu wa Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya Minneapolis, alipendekeza katiba ya jimbo ibadilishwe ili elimu bora ya umma iwe haki ya msingi ya kila mtoto. Chama cha walimu, Education Minnesota, kilipinga. Walimu walihofu kwamba kufuta maneno ya zamani ya katiba, yanayolitaka bunge liweke mfumo wa jumla na ulio sawa wa shule za umma, kungefungua mlango wa fedha za umma kwenda shule binafsi, na kwamba mambo ya darasani yangehamia mahakamani. Hofu hiyo haikutoka hewani. Majaji hawajui kupanga bajeti ya shule, na haki iliyoandikwa kwenye karatasi haijengi darasa. Kwa upande mwingine, pengo la matokeo kati ya watoto weupe na weusi wa Minnesota limebaki kuwa miongoni mwa mapana zaidi nchini Marekani kwa miaka mingi, chini ya maneno hayo hayo ya zamani. Page anauliza maneno hayo yamewafanyia nini watoto hao, na sijasikia jibu linaloridhisha.

Mimi nikilazimika kuchagua, nasimama naye kwenye swali, na nasimama na walimu kwenye tahadhari: haki iandikwe, lakini wajibu wa bunge wa kugharamia shule za umma usiguswe hata neno moja. Mwaka 2017 shule ya kati mjini Minneapolis iliyokuwa na jina la Alexander Ramsey, gavana wa zamani aliyetaka Wadakota, wenyeji wa asili wa Minnesota, waangamizwe au wafukuzwe, ilibadilishwa jina baada ya kampeni ya wanafunzi wenyewe. Walichagua iitwe Justice Page, Jaji Page. Hawakuchagua namba 88, wala Vikings, na wengi wao walizaliwa zaidi ya miaka ishirini baada ya yeye kuvua jezi.